Shati Linalokupwaya

Kilwa Kivinje, jioni

Mwanangu Rajabu,

Nakuandikia na sauti yako naisikia. Mko pale uwanjani na wenzako, wanakuaga kwa makelele, na mara moja moja kicheko chako kinapanda juu ya vicheko vyote, maana wewe hukujaliwa kucheka kidogo kidogo. Hali yako basi siiulizi. Yangu mimi ni ya mtu ambaye kesho nyumba yake itakuwa kimya, naye hajajua atakaa upande gani wa kimya hicho.

Mambo ya kula na kulala sitayagusa. Shangazi yako Mwanaidi ameyamaliza tangu asubuhi: usile vya barabarani, usilale karibu na mlango, usivue viatu ndani ya lori. Alikuwa akikunja nguo zako, na kila nguo ikapata wasia wake. Alipofika kwenye shati nililokushonea juzi, lile la drili ya buluu, alilinyanyua, akalitazama mbele na nyuma, akanigeukia.

"Kaka, shati gani hili? Mtoto unamvalisha gunia? Macho yako yamekwisha."

Wewe ukalivaa, mabega yakakushukia mpaka karibu na viwiko, ukasema litakutosha ukinenepa kwa ugali wa kiwandani. Mlicheka wote wawili. Mimi nilijifanya natafuta sindano. Rajabu, shati hilo usilipeleke kwa fundi mwingine likapunguzwe. Lina sababu yake na nitaifikia, ila nipe nafasi niifikie kwa mwendo wangu.

Barua hii isome ukiwa juu ya lori, mkishapita Nangurukuru. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, lakini mdomo wangu mimi siuamini tena kwa mambo mazito. Utaona kwa nini.

Umechaguliwa, mwanangu. Yule bwana wa timu ya kiwanda cha nguo alikuja kutoka Dar es Salaam, akakutazama mechi mbili tu, akasema kazi ipo, chumba kipo na jezi ipo. Watu wa Lindi nao walikutaka, wakaahidi baiskeli, na shangazi yako nusura akuuze kwa hiyo baiskeli. Ukachagua Dar. Kamati yetu ya Alfajiri haikupenda. Jana walikuja barazani kwangu, mmoja wao akasema, "Fundi, mwanao unamruhusu aende. Haya, kushoto atacheza nani?" Nikawatajia vijana watatu, na wote pale walijua kwamba nawadanganya. Hatuna mtu wa kushoto. Mguu kama wako Kivinje haujapata kuonekana, isipokuwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekufundisha.

Watu wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi nilicheza mpira, ndiyo, nikawa nahodha, lakini mguu wangu wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Huo unaokupeleka Dar ulipewa na Bonifasi.

Sijui unamkumbuka kiasi gani. Ulikuwa mdogo, hujaanza hata kwenda chuoni kusoma juzuu. Alikuwa mrefu, mweusi, mabega mapana kama mlango, Mmatumbi wa huko Kipatimu, mtoto wa misheni. Alishuka kutoka milimani mara tu baada ya Uhuru, siku zile tulipoanzisha timu na kuiita Alfajiri, maana tulidhani kila kitu kinaanza. Akaja kutafuta kazi kwenye ghala la korosho. Nilipomuuliza ukoo wake, akautaja, nikamvua kofia ya mkeka aliyovaa nikaitupa juu ya paa. Akanitazama, akauliza, "Na wewe wa ukoo gani?" Nikamwambia sisi ni watu wa Nyangamara. Akacheka mpaka akakaa chini. Babu yangu mimi alifia huko milimani kwao wakati wa vita vya Maji Maji, akiwa mgeni asiye na ndugu, na ukoo wake Bonifasi ndio uliomchimbia kaburi na kumlilia. Tangu hapo sisi na wao ni watani. Anayekuzika ndiye anayeruhusiwa kukucheka, ndivyo walivyotuambia wazee wetu.

Basi akahamia kwetu, chumba kile cha uani ambacho sasa unaweka mipira. Nyumba ikajaa kelele. Mama yako alikuwa akimpakulia, naye anampokea sahani na kusema mbele yangu, "Mke wangu, huyu mzee aliyelala kwako usiku anakuja kufanya nini?" Mama yako anamjibu, "Nimempangisha tu, mume wangu, atahama mwisho wa mwezi." Na mimi nakaa pale natafuna. Sikukuu moja ya Idi alininyang'anya kofia yangu mpya ya viua, ile niliyoidarizi mwenyewe, akapanda nayo milimani na Jumapili akaingia nayo kanisani. Padri akamtoa nje. Kofia hakuirudisha, wala sikumdai, kwa kuwa kitu alichokunyang'anya mtani hakidaiwi. Ukikidai, umeukataa utani wenyewe. Mimi nilipita Idi nzima kichwa wazi, na sijapata kuwa na Idi nzuri kama ile.

Uwanjani alikuwa beki wa kushoto. Mtu akimpita huyo, ujue amepita ukuta. Jioni, wenzake wakienda kuoga, yeye alikuwa anabaki na wewe. Alikufunga mguu wa kulia kwa kitambaa cha leso uuegemee tu, akakuwekea chungwa, akasema, "Piga na huo ulio hai." Mama yako alilalamika kwamba machungwa yanaisha nyumbani. Hayo ndiyo yaliyokufikisha hapa ulipo.

Sasa nikueleze kazi yangu katika timu ile, maana wewe umeikuta imebadilika. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuchagua wachezaji, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wa jezi. Mvua za masika zikianza, uwanja unageuka bwawa, watu wanakwenda mashambani, na mpira unalala. Sisi hatulali. Tunakaa barazani kwangu, mvua inapiga bati, tunaulizana: nani abaki, nani aachwe, nani atafutwe, na atoke wapi. Hatukuwa tunaandika wala kutangaza. Mtu aliyechaguliwa nilikuwa namwita barazani, namzungushia futi kifuani na mabegani, na hapo kashajua. Ukipimwa, umo. Usipopimwa, unanunua korosho zako unakwenda kutazama mpira na watoto. Mji mzima ulikuwa ukiangalia nani anapanda ngazi za baraza langu, na nakiri nilikuwa naifurahia hali hiyo. Mtu mwenye futi shingoni anaweza kujiona mkubwa sana.

Masika moja tuliketi tukiwa na shida. Mshambuliaji wetu alikuwa amekwenda Mtwara, timu ya huko imempa kazi. Golikipa wetu alikuwa mvuvi wa Songo Mnara, na bahari ikichafuka haji, tunacheza na golikipa wa kuokota. Na Bonifasi goti lake lilikuwa limeharibika. Msimu uliopita alikuwa akilifunga kwa majani aliyoletewa na mama yake, anacheza kipindi kimoja, cha pili anavuta mguu. Watu walikuwa hawasemi kwa sababu yangu.

Lakini mwaka huo wachezaji walikuwa wamezagaa. Ulikuwa wakati wa kuhamishwa vijijini. Watu waliondolewa kwenye vitongoji vyao wakapelekwa kwenye vijiji vya ujamaa, wakaacha mikorosho yao nyuma ikiwa na maua. Timu nazo zilivunjika. Beki kapelekwa huku, winga kule, uwanja wao umeota magugu. Ukisikia mchezaji hana timu, siku zile ulikuwa humtafuti, unamchagua. Mimi nilizunguka kwa baiskeli kwenye vijiji vipya nikiwatazama, nikijisikia kama mtu anayechagua nazi sokoni, agonga hii, agonga ile. Sikuwaza kwamba kila mmoja wao ana nyumba aliyoiacha. Nilikuwa natazama miguu tu.

Huko nikampata Saidi, kijana wa upande wa Nyangamara, anacheza pekupeku na watu ambao hata majina yao hajayajua. Mguu wa kushoto, mapafu ya punda, adabu. Nikarudi nikawaambia kamati, beki wa kushoto tumempata. Mzee mmoja akauliza polepole, "Na Bonifasi?" Nikasema, "Bonifasi niachieni mimi. Ni mtani wangu."

Kimpira, Rajabu, nilikuwa sahihi. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani nalia kwa kuwa nilichagua vibaya. Goti la Bonifasi lilikuwa limekwisha, na Saidi alicheza msimu ule vizuri hata watu wakamsahau aliyekuwepo. Mwenye kuchagua timu lazima aache watu. Kosa langu ni namna nilivyomwambia, au tuseme nilivyokwepa kumwambia.

Nilipaswa kumwita pembeni. Nilikuwa na siku nyingi za kufanya hivyo. Alikuwa analala chini ya paa langu, anakula sahani moja na mimi. Kila nikitaka kuanza, naona uso wake, nasema kesho. Mama yako aliniuliza, "Umeshamwambia?" Nikamwambia bado. Akasema, "Kama wewe huwezi, nimwambie mimi." Nikamkataza. Nilisema hayo ni mambo ya wanaume, neno ambalo mwanamume hulitumia akiwa hana neno.

Halafu siku moja barazani, watu wamejaa, nawapima wachezaji, Bonifasi akapita ametoka ghalani. Mmoja akamtania, "Wewe Mmatumbi, mbona hupimwi?" Nikaona mlango umefunguka. Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Huyu? Huyu nimeshamkatia sanda. Mwaka huu tumemsajili timu ya marehemu, anacheza na babu yangu!"

Baraza likaangua kicheko. Bonifasi alicheka kuliko wote. Akanijibu, "Basi mwambie babu yako ajiandae, kombe tunachukua." Akaingia ndani kula. Na mimi, mwanangu, nilijisikia mwepesi. Nilijiambia: nimeshasema. Kila mtu amesikia. Atafahamu.

Mtani ataelewaje? Sisi tulikuwa tumezikana kwa maneno tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimemwambia amekufa mara ngapi, naye kanichimbia kaburi mara ngapi? Neno la kweli nilikuwa nimelificha ndani ya lugha ambayo baina yetu haina ukweli, kisha nikajidai nimelisema. Na kwamba sikumpima, alilichukulia hivi: mtani wangu vipimo vyangu anavijua kwa moyo, atanipimia nini? Hilo nililisikia baadaye kwa mama yako. Alikuwa amemwambia hivyo hivyo, kwa fahari.

Mvua zikaisha, uwanja ukakauka. Siku ya kwanza ya mazoezi ndiyo siku ya kugawa jezi, na unakumbuka ilivyokuwa, mji mzima unakuja. Wachezaji wanajipanga, nachukua jezi moja moja kwenye kikapu, naita jina, watu wanashangilia. Nilipoinua macho nikamwona Bonifasi amesimama kwenye mstari. Kavaa daluga zake za mpira, kazipaka mafuta. Goti kalifunga kitambaa kipya cheupe. Na wewe ulikuwa umekaa mabegani kwake.

Niliendelea kuita majina. Nilitumaini atatoka mwenyewe. Hakutoka, kwa nini atoke? Kikapu kikawa kinapungua, kicheko chake kikapungua nacho. Jezi ya mwisho nikamwita Saidi. Bonifasi akabaki peke yake mbele yangu na kikapu kitupu katikati yetu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Fundi, yangu uliisahau nyumbani?"

Hapo bado ningeweza. Ningemshika mkono tukatembea mpaka kwenye mikoko, nikamwambia, ndugu yangu, nimekukosea. Watu walikuwa wanatazama. Nikasema, "Si nilikuambia? Timu yako inafanya mazoezi makaburini."

Walicheka tena. Sio wote, lakini walicheka. Bonifasi alikutoa mabegani akakuweka chini, taratibu, kwa mikono miwili. Akakaa kitako pale pale mchangani akafungua kamba za daluga, akazivua, akaondoka nazo mkononi. Wewe ulitaka kumfuata, nikakushika. Ulilia na kuniuma kidole. Alama haikubaki, lakini mimi kidole hicho nakijua.

Ile kazi ya ghala ilikuwa inakwenda na timu. Aliyeachwa na timu, ghala nalo linamwacha, na mtu wa milimani asiye na kazi mjini siku zile alikuwa anaambiwa arudi kijijini akalime. Nililijua hilo wakati nakata kitambaa. Akachukua vitu vyake chumba cha uani mimi nikiwa sipo, akamuaga mama yako. Alimwita shemeji. Mama yako alinieleza huku ananyanyua vyungu bila sababu, anavishusha. "Ameniita shemeji," akasema, na hakula siku hiyo. Baadaye tukasikia kwamba watu wa kitongoji chake nao wamehamishwa, wameteremshwa mpaka kijiji kipya cha barabarani, pale Njia Nne, na Bonifasi yumo.

Tulipata kombe la wilaya msimu ule. Saidi alikaa nasi msimu mmoja, Lindi wakamchukua, akaja kuniaga kwa adabu zake zote. Nilimtakia heri. Kila mtu anaondoka, mwanangu, mpira ndivyo ulivyo. Kuna njia ya kumwondoa mtu na jina lake likabaki mahali pake, na kuna ile niliyoitumia mimi.

Mara moja nilipita Njia Nne, nakwenda Utete kununua nyuzi. Lori lilisimama watu wanywe chai. Nikamwona upande wa pili wa barabara, anabeba fito, anachechemea. Alikuwa hajaniona. Nikavuta turubai nikajifunika uso kama mtu mwenye homa, mpaka lori lilipoondoka. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, nikayafunika pamoja na uso.

Halafu mama yako akafa. Hilo unalikumbuka mwenyewe, sina haja ya kukutonesha. Ila kuna kitu ambacho wewe hukukiona, ulikuwa ndani na wanawake, umejificha nyuma ya shangazi yako. Habari zilikwenda Njia Nne kwa mtu wa korosho, na kabla ya maiti kutoka, Bonifasi akafika. Hakuna aliyemwita. Mtani haitwi msibani. Alikuja na jembe lake begani, akapita mbele yangu akaenda moja kwa moja makaburini, akaanza kuchimba na wenzake, goti lile lile.

Unajua watani wanavyofanya msibani kwetu. Wanavaa nguo za marehemu, wanalala njiani hawapishi jeneza mpaka walipwe, wanamtukana mfiwa mpaka kilio kinamkatikia katikati ya kicheko. Ndiyo dawa yao, na ndiyo haki yetu. Mimi nilikaa pale nikimngoja. Nilijua atasema. Atasimama mbele ya watu na kusema, "Mke wangu, umekufa ukaniachia huyu mzee nimfanyie nini?" Akisema hivyo tu, nimeshasamehewa, na mimi nitaanguka miguuni pake na kumwomba radhi. Nilikuwa nimeshajipanga kuanguka.

Alichimba kaburi la mama yako mpaka likaisha. Akashuka ndani akalisawazisha kwa viganja. Watu walipomaliza kufukia, akanawa, akanijia, akanipa mkono. Akasema, "Pole sana, Bwana Athumani." Akaweka jembe begani akaondoka.

Bwana Athumani. Tangu nizaliwe sijatukanwa tusi kubwa kama hilo. Amekuja kuzika kwa sababu koo zetu zinadaiana makaburi, na hilo hakulikwepa. Kunicheka akaninyima. Niliwalilia wawili siku ile, na watu wakadhani ni mmoja.

Miaka imepita. Ningekwenda? Ndiyo, ningekwenda. Njia Nne si Makka. Kila masika nilisema nitakwenda msimu ukianza, na kila msimu ulipoanza nikasema nitakwenda masika. Aibu ikizeeka inakuwa mvivu. Nimekuwa hodari wa kukuona wewe ukipiga mpira kwa mguu wa mtu mwingine, na watu wakinipongeza, "Fundi, mtoto umemlea," nami naitikia.

Sasa unakwenda huko kwa wakubwa. Watakupima, na wewe utafurahi, na ufurahi, ni haki yako. Siku nyingine watakuacha. Ipo siku hiyo, Rajabu, hata kwa aliye bora, na huenda ikaja mapema, kwa goti au kwa kijana mwenye mapafu ya punda. Siwezi kuizuia. Ninaloomba ni kwamba atakayekuacha awe na moyo wa kukutazama usoni. Na kama Mungu akikupa siku moja wewe ndiye mwenye futi shingoni, basi mtu unayemwacha mwambie mkiwa wawili, kwa maneno makavu, na ukae naye mpaka amalize kukasirika. Utaumia. Mimi nilikwepa maumivu ya robo saa, na yamenikalia mpaka leo.

Kesho lori litasimama Njia Nne. Lazima lisimame, dereva hawezi kuipita chai ya pale. Shuka. Uliza kwa Bonifasi fundi wa mapaa, ndiyo kazi aifanyayo siku hizi, kila mtu atakuonyesha. Mwamkie kwa heshima, kisha umtajie jina lako na la mama yako. Langu asipouliza, usimtajie. Usimwombee radhi kwa niaba yangu. Radhi hiyo ni deni la mdomo wangu, na wewe mtoto hulilipi. Simama tu mbele yake umevaa lile shati.

Macho yangu hayajaisha, mwanangu. Vipimo vyako navijua mpaka cha shingo. Hilo shati nimelikata kwa vipimo vingine, ambavyo sikuviandika popote wala sikuwahi kuvisahau: mabega mapana kama mlango, na mkono wa kushoto mrefu kidogo kuliko wa kulia. Nilikata gizani kwa mkono tu, nikaangalia baadaye, nikakuta sijakosea. Ni ile jezi ya Alfajiri, imechelewa. Pengine amekonda, miaka hii imekondesha watu wengi. Hata hivyo atalitambua. Mtu hasahau ushonaji wa mkono uliomvalisha.

Akikutazama, akakukamata ukosi, akakuvua shati hilo mbele ya watu, usimkatalie. Akichukua na daluga zako, mwache achukue, kiwanda kitakupa nyingine. Akikutukana, akamtukana na baba yako, jina kwa jina, mpaka dereva apige honi, itikia vicheko, cheka kile kicheko chako kikubwa ili nami nikisikie huku niliko. Panda lori kifua wazi. Na ukifika Dar, kabla hujaoga, kabla hujaonyeshwa kitanda chako, niandikie mstari mmoja kwamba umefika uchi. Hapo nitafunga cherehani nipande gari la kwanza la Njia Nne, niende nikaseme nilichopaswa kusema.

Lakini akikupokea vizuri, akakukaribisha kiti, akakupa maji ya kunywa, akakuuliza habari za safari, kisha akakusindikiza mpaka barabarani ukiwa na shati lako mwilini, basi usiniandikie hilo. Niandikie mambo ya kiwandani. Shati lipunguzwe, ulivae wewe.

Nasikia mnarudi. Naikunja hapa.

Mimi baba yako,
Athumani Fundi